Mbao Zangu Zimekwenda na Tarach

Kakuma,
Kupitia Lodwar,
8 Mei 1974

Dada yangu mpendwa Chelangat,

Hujambo? Miguu ya Mama inaendeleaje? Na mahindi, yameshaota? Mimi napumua kwa neema ya Mungu, lakini dada, nimekwisha.

Unajua mke wangu Rael alikuja kukaa kwako baada ya nge kumuuma mtoto wetu Jepkoech katika kibanda changu. Alisema harudi Kakuma mpaka kuwe na sakafu ya mbao, mabati juu na mlango unaofungwa. Hakukosea. Mtoto aliponea chupuchupu.

Basi Mungu akanifungulia. Nyumba kuukuu ya wageni hapa shuleni ninapofundisha ilikuwa ibomolewe, nikaambiwa nichukue vyote mradi mahali pawe safi kufikia Jumamosi. Mimi na jirani yangu Epuyo tulibomoa wiki nzima. Tuling'oa misumari mmoja mmoja, tukainyoosha juu ya jiwe. Matundu ya mabati tukayaziba kwa lami. Na zile mbao za mwerezi, dada, wee! Kwa furaha nikamwandikia Rael ajiandae.

Pa kujenga palikuwa bado hapajapimwa, nikapanga kila kitu ndani ya Tarach, mto wetu mkavu. Mchanga tambarare, kivuli kizuri. Epuyo akakataa kabisa. "Mwalimu, mto hapana kufa. Mto nalala tu." Nikamcheka! Kwetu Nandi mvua huonekana kwanza ndipo mto ujae, na hapa mbingu zilikuwa nyeupe pe.

Kumbe ilinyesha milimani, upande wa Uganda. Jumatatu alasiri, jua likiwaka, maji mekundu yakaja yamesimama kama ukuta. Epuyo aliruka ndani, akatoka na mlango mmoja na mguu uliochanika. Hakunikumbusha neno lolote. Afadhali angenitukana. Jana na leo tumefuata mto, tumepata bati moja tu, limekunjamana.

Nimelia mbele ya wanafunzi, mtu mzima mimi! Ni ujuaji wangu, si kingine.

Nilitaka kukuomba umzuie Rael. Nilishayaandika maneno hayo, nikayafuta, maana nimeletewa telegramu: wameshaondoka, wanafika Ijumaa. Barua hii itapanda lori lilelile watakaloshuka.

Msalimie Mama na shemeji Josiah. Mungu aifunike nyumba yenu, yangu haina paa.

Ukisoma hapa, Rael ameshaona yote, na labda yuko njiani kurudi kwako. Akibisha hodi, mpokee vizuri. Usimlaumu hata kidogo.

Mdogo wako akupendaye, ingawa hana akili,
Kipkemboi