Kombi ya Baba na Kitambaa cha Shangazi Joha

Makole,
S.L.P. 2046,
Dodoma.

27 Agosti, 1999

Mpendwa Shangazi Joha,

Shikamoo, Shangazi. Pokea salamu za watu wote wa Makole, na za vumbi letu pia, kwa maana ulisema kwenye barua yako kwamba huko Maskati unalikumbuka hata hilo. Goti lako linaendeleaje? Ule mguu uliokuwa unavimba umetulia? Ami Shaibu naye vipi, bado anabishana na daktari wake? Sisi huku hatujambo. Mimi mzima, watoto wazima, Baba mzima, na mzima kweli safari hii, si ule uzima wa kuandikiana barua. Habari hiyo nitaifikia taratibu, usiruke mistari.

Mzigo wako ulifika salama. Kijana aliyeuleta kutoka Dar es Salaam alitukabidhi mkononi, sanduku halijafunguliwa hata kamba. Tende tulizigawa mtaa mzima na bado watu wanapita kuulizia. Gauni langu limenibana kidogo kiunoni lakini usijali, nitalivaa hivyo hivyo na atakayecheka acheke.

Sasa nikwambie hali tuliyokuwa nayo kabla mzigo haujafika, kwa maana Baba hakuandikii mambo haya. Unajua kwamba mwenye kile chumba Baba alichopanga kunyolea watu pale karibu na stendi alikitaka chumba chake mwaka jana. Amekijaza mitumba mpaka mlangoni, na siku hizi nani atamlaumu, kila mtu kawa mfanyabiashara. Baba alichukua viti vyake, kioo chake na mashine yake ya umeme akarudi nyumbani. Ndipo akainunua ile Kombi kwa mapadri waliokuwa wanarudi kwao. Wao walikuwa wakisafiri nayo na kulala humo humo, ina kitanda cha kukunja, meza ndogo na jiko la kuchemshia chai. Nia yake ilikuwa azunguke minadani kunyoa, leo huku kesho kule, usiku ukimkuta alale ndani ya gari lake kama mfalme.

Nia nzuri, lakini vijana wa siku hizi hawataki mkasi. Wanataka mashine, na mnadani hakuna umeme. Basi Kombi ikakaa uani miezi na miezi, kuku wakaanza kutaga chini yake, na Baba akakaa barazani akiitazama. Akaacha hata kuchana ndevu. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, lakini Shangazi, ndugu yako alizidi! Alifuga ndevu mpaka wajukuu wakawa wanamwogopa. Mimi nilikuwa naingia jikoni kulia, nikitoka nasingizia moshi.

Jirani yetu Wambura, yule karani wa ofisi za serikali, akaanza kuitaka hiyo Kombi. Si ya kuendesha. Ang'oe viti afanye banda la kuku! Kila Jumapili baada ya kanisa alikuwa anakuja na swali lile lile, kwa adabu kabisa, na kila Jumapili Baba alikuwa anachelewa zaidi kumkatalia. Zile paneli zako za umeme wa jua zilipofika ndani ya mzigo, Baba akampa neno lake. Akasema anakwenda mnada wa Hombolo Jumamosi na hizi sola za dada. Zikifanya kazi, Kombi haiuzwi. Zikikataa, Wambura aje Jumapili na funguo zake za kufungulia viti, achukue, na yeye hatatoka tena barazani. Nilitamani ardhi inimeze, kwa maana Baba akishatoa neno harudi nyuma, unamjua kuliko mimi.

Kazi ya kufunga vitu tuliifanya mimi na yeye, barazani kivulini. Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Baba akavaa miwani, akaushika upande wa Kiarabu akausoma kwa sauti mwanzo mpaka mwisho bila kukwama, maana chuoni alisoma Kurani vizuri. Alipomaliza tukatazamana. Nikamuuliza imesema nini. Akanijibu kwamba yeye kafundishwa kusoma, hakufundishwa maana! Wallahi nilicheka mpaka nikakaa chini, na yeye akatabasamu kidogo ndani ya zile ndevu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi na viti vyake.

Basi tukafuata picha. Paneli zako mbili zimeunganishwa kwa bawaba, zinakunjwa kama begi la safari, na zina miguu ya kuzisimamisha. Kwanza tukaunga kile kisanduku cha kuongoza chaji na betri, waya mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi. Kisha paneli kwenye kisanduku, kisha ile inveta, inayogeuza umeme wa betri uwe wa kuendesha mashine. Baba aliuweka kila waya kwa vidole viwili, kama anayemtoa mtu mwiba. Betri tuliinunua imeshajazwa kwa fundi, kwa hiyo mashine ilipowashwa ikanguruma papo hapo. Nikapiga vigelegele, majirani wakadhani kuna harusi.

Sasa, Shangazi, nakuomba ukae vizuri kwenye kiti. Ulituwekea humo sandukuni kile kitambaa ulichofuma kwa mkono, kile cheupe chenye maua, upana wake sawasawa na paneli zote mbili, ukaandika kwamba ni cha kuzikinga na vumbi la Dodoma. Kizuri, sijapata kuona. Na wewe unajua nyumba zetu: redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, hata mtungi wa maji una chake. Kitu cha thamani hakikai uchi. Baba akakitandika juu ya paneli, akazivuta ncha zikakaa sawa, akarudi nyuma kukitazama.

Mimi nilisema, tena si mara moja, kwamba je, hakizuii jua? Akaninyooshea kidole. Akasema matundu si hayo hapo, jua linapita. Akasema wewe ndiye uliyembeba yeye mgongoni, akiwa mdogo, Bibi alipofariki, na macho yako siku hizi ni ya miwani, na bado umefuma ua mmoja baada ya mwingine kwa ajili yake. Hakivuliwi. Kwenye kile kisanduku kuna kitaa cha kijani ambacho kwenye picha kimechorwa kinang'aa, na chetu hakikuwaka hata siku moja. Baba akaamua kuwa kimeharibikia njiani. Akaendelea kuwanyoa wanaume wa Makole bure, akijaribu mashine yake, na kila kichwa kilikuwa kinakula ile chaji ya fundi bila sisi kujua.

Jumamosi tukaamkia Hombolo. Nilikwenda naye, na birika langu la kahawa. Tukasimamisha Kombi mahali pa wazi, paneli zikasimama mbele zimevaa maua yako, na watu wakajaa kutazama. Wengine walidhani tunauza vitambaa! Mama mmoja alitaka kukinunua kabisa. Kichwa cha kwanza kikanyolewa, safi. Cha pili, mashine ikaanza kusinzia lakini ikamaliza. Cha tatu akaketi kijana mmoja anaitwa Silvano, mwimbaji wa kwaya, amevaa shati jipya. Alikuwa anakwenda mchana ule ule kujitambulisha kwa wakwe.

Shangazi wee! Mashine imepanda upande wa kulia mpaka utosini, imeacha kichwa kinang'aa, halafu ikasema mmm, ikafa. Upande wa kushoto nywele zimesimama zote. Baba akagusa waya, akapuliza, akazima akawasha. Kimya. Watu wakaanza kucheka. Silvano akadai kioo, na mimi nikakikalia hicho kioo. Baba akatoa mkasi wake wa zamani, lakini mkasi haufiki pale mashine ilipofika, na wembe Silvano hakutaka kuusikia, siku hizi watu wanauogopa kwa maradhi.

Wakacheka weee. Baba hakugombana na mtu. Alivua kofia yake akamvika Silvano ili amsitiri, akafuta mashine kwa kitambaa cha mfukoni, akaiweka kwenye boksi lake. Kisha akaniambia taratibu, "Mwanne, mwanangu, kusanya vitu. Wambura aje achukue."

Niliumia, Shangazi. Afadhali angefoka. Nilikuwa nakunja kiti huku machozi yananitoka mbele za watu, na sikujali.

Ndipo ukaja upepo. Unaujua upepo wetu wa Agosti, haupigi hodi. Ukaingia chini ya kitambaa chako, ukakinyanyua na maua yake yote, kikapaa juu ya vichwa vya watu mpaka upande wa ng'ombe, kikatua kwenye pembe za fahali mmoja mkubwa mweusi. Fahali akasimama hapo amejifunika kama bibi harusi. Mnada mzima ulisimama! Baba, na miaka yake hiyo, akatimka mbio kumfuata fahali kwa ajili ya kitambaa cha dada yake. Mwenye ng'ombe akamsaidia, wakakitoa kwenye pembe taratibu, hakikuchanika hata uzi, ondoa hofu.

Huku nyuma, Silvano alikuwa amekaa pale pale na kofia yake, hana pa kwenda na kichwa kile. Akasema, "Dada, hiki kitaa kimewaka." Nikageuka. Kijani kabisa! Baba akarudi anahema, akakung'uta kitambaa, akakitandika tena juu ya paneli kwa heshima zote. Silvano akasema, "Kimezimika." Baba akamtazama. Akakinyanyua kitambaa. Kikawaka. Akakishusha. Kikazimika. Watu wakaanza kuimba pamoja: kimewaka! Kimezimika! Na Baba kasimama katikati, kakishika kitambaa chako kwa mikono miwili, hajui acheke au alie. Akacheka, Shangazi. Alicheka mpaka akaegemea Kombi, na mimi nikamwegemea yeye.

Kumbe matundu hayatoshi. Lile dude linataka jua lote, uso mzima, bila haya. Tukaziacha paneli wazi, betri ikaanza kunywa, na Silvano akangoja kivulini anakula zabibu nilizomnunulia kumfariji. Mashine ilipopata nguvu Baba akammalizia kichwa chake taratibu kuliko vyote, akampaka na manukato. Alikwenda kwa wakwe amechelewa lakini amependeza. Baada yake foleni ilizunguka gari. Kwanza walikuja kucheka, halafu wakanyolewa. Tulilala huko huko, Baba kwenye kitanda cha mapadri kwa raha zake, mimi kwenye kiti cha mbele, nimeamka na shingo ya kuku aliyechinjwa vibaya.

Jumapili tukarudi mapema. Baba akasimamisha paneli uani, uchi wa mnyama, akaketi kwenye kiti cha wateja, akanipa mashine. Sikuuliza. Kinyozi hajinyoi, basi nikamnyoa mimi. Ndevu zote zile zikaanguka, na uso wake ukatoka kidogo kidogo: kidevu, mashavu, lile kovu la utotoni ulilosema alilipata kwenye kisima. Yeye alikuwa amefumba macho ananiamini. Wambura naye akaingia wakati ule, na suti ya kanisani na funguo za kufungulia viti mkononi. Akamtazama Baba, akazitazama paneli, akauona ule mwanga wa kijani. Ni muungwana yule, akaweka funguo mfukoni na kuuliza kama kuna foleni. Alikuja kuchukua Kombi, akaondoka amenyolewa.

Sasa nifike kwenye linalonitia aibu. Uliandika kwamba umeshaanza kufuma kitambaa cha pili, kikubwa zaidi, cha kufika mpaka chini. Baba amenikataza kukwambia lolote kuhusu hiki cha kwanza, anaogopa utasononeka. Lakini mimi ni mtoto wako, siwezi kukuficha. Usiache kufuma, Shangazi, maliza tu. Hiki cha kwanza kimekuwa pazia la dirisha la ubavuni, na jioni Baba akiwasha taa ndani, maua yako yanatokeza nje ardhini, makubwa, wateja wanayaruka kama wanaogopa kuyakanyaga. Dirisha la nyuma liko wazi, linakisubiri kikubwa.

Nisalimie sana Ami Shaibu, mwambie daktari ana haki. Nisalimie Jamaldini na mkewe, na Yusra unibusie mashavu yake yote mawili, mwambie nimeipokea picha yake na tumeiweka juu ya redio, juu ya kitambaa. Huku wanakusalimu watoto wangu wote, na Wambura na mama Evelina mkewe. Mungu akupe afya ya goti na nuru ya macho, akurudishe siku moja uje uketi kwenye kile kiti uani tukutengeneze nywele kwa jua la kwenu.

Nilipofika hapa Baba ametoka ndani, amekuta naandika, akasoma kila kitu kwa sauti, safari hii na maana yake. Nilidhani atanichania karatasi. Amejishika kidevu chake kisicho na ndevu, halafu ameniambia niongeze neno moja lake: mwambie Dada Joha, jua sasa linapita.

Mwanao akupendaye siku zote,

Mwanne binti Masudi