Feni Iliyomtemea Padri Maua

Nélida, nimeumbuka! Kanisani Copacabana sikanyagi tena!

Si unajua jana nilibadilisha feni ya rejeta mwenyewe? Mama mkwe akasema niite fundi, nikamwambia aache dharau.

Leo tukapeleka gari kubarikiwa. Boneti wazi, maua ya baraka tumeyajaza mbele ya rejeta kama ilivyo desturi, injini inanguruma, padri kainama na maji ya baraka. Feni ikaanza kuzunguka.

Badala ya kuvuta hewa, INATEMA! Nyaya nilizifunga kinyume! Maua yote usoni kwa padri. Mdomoni, shoga!

Akalitoa ua mdomoni. "Nani kafunga feni hii?"

Mama mkwe, mkavu: "Fundi wa mjini, baba. Tapeli kabisa."

Nikapumua. Akaninong'oneza: "Nimemdanganya padri kwa ajili yako. Kuungama utaenda wewe."