Mkate Usiokatwa kwa Kisu

Jumatatu, 17 Desemba

Itangazwe kwa taifa zima la Serbia, redio zote zinyamaze: mimi, Radivoje, mwalimu wa hesabu, leo nimenyoa masharubu. Baada ya miaka ishirini na miwili! Mke wangu Stamena kasema nafanana na yai lililomenywa.

Sababu: Ijumaa mkaguzi, Bi Desanka, anakuja kuniona nikianzisha mada ya sehemu — nusu, robo na wenzake — katika darasa la tano. Mwaka jana aliandika kwamba wanafunzi wawili walisinzia. (Walikuwa watatu. Mmoja hakumwona.) Akiandika hivyo tena, nanyang'anywa darasa — napelekwa maktaba kufuta vumbi.

Kaagiza nianze kwa ubunifu. Ubunifu!

Jumanne, 18 Desemba

Nimepata! Mkate wa Krismasi. Wanafunzi wanane, mkate mmoja wa duara, vipande vinane sawasawa. Moja ya nane inayonukia. Nani atasinzia?

Jumatano, 19 Desemba

Stamena atauoka, japo Krismasi yetu Waorthodoksi ni Januari na anadai nawaudhi watakatifu. Halafu kauliza: na kipande ambacho kwa desturi huitengewa nyumba, je? Na cha mgeni wa njiani? Loo. Nane na mbili, kumi. Nimefuta maandalizi yote. Au nyumba isihesabiwe, maana haili? Lakini kipande chake si kipo? Nusu saa nzima na penseli mdomoni.

Ijumaa, 21 Desemba

Kwenye daftari la shule nimeandika: "Somo lilianza kwa ubunifu." Hapa niseme ukweli.

Nilitoa kisu. Darasa zima likapiga kelele. "Mwalimu, kisu?! Unatukatia bahati!" Na Bi Desanka kutoka nyuma: "Jamani, Mwalimu Radivoje, mkate huo humegwa kwa mikono. Hujui?"

Najua! Naumega tangu nina meno. Ila kichwani mwangu ulishakuwa duara la ubaoni.

Basi wakauzungusha mara tatu kama ilivyo desturi, kisha kila mmoja akavuta upande wake. Stamena alificha sarafu ya bahati ndani bila kuniambia — ikawa vita. Obrad alijinyakulia bonge kubwa kama ngumi mbili. Vukosava, ambaye tangu Septemba hajafungua mdomo kwenye somo langu, alibaki na ukoko.

Nikaandika ubaoni moja ya kumi. Nikasema kila mmoja anayo.

Vukosava akanyoosha mkono, ukoko ukiwa ndani yake.

"Hii, Mwalimu?"

"Ndiyo... kwa namna fulani."

"Na ile ya Obrad?"

"Na yangu!" Obrad, mashavu yamejaa. "Usinionee wivu, bibie."

Kicheko. Bi Desanka aliacha kuandika.

"Basi tuvirudishe vyote tuone," Vukosava akasema. Akaweka ukoko wake mezani. Wengine wakafuata, kipande kwa kipande, na cha nyumba pia, mpaka duara likaanza kurudi. Bi Desanka akaleta cha mgeni, alichopewa yeye — kimeng'atwa. Likabaki pengo la Obrad, aliyekwisha kula bonge lake.

Kengele ikalia. Hakuna aliyeinuka.

"Pengo hili ni moja ya ngapi?" Vukosava akauliza.

Bi Desanka akavuta kiti karibu, kalamu mkononi. Wote tisa wakanitazama.

Nami nikaweka chaki chini. Nikapiga magoti kando ya meza, nikaanza kulipima pengo kwa vidole.