Jumapili Simu Zilipopiga King'ora

Handsworth, Birmingham

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza na goti lako, maana siku ile uliponikatia simu hukuniachia hata nafasi ya kuliulizia. Lile la kushoto bado linakusumbua ukipanda kutoka shambani? Na mwanangu Saru anakula vizuri, au bado anachagua maharagwe na kuacha mahindi? Mimi ni mzima wa mwili. Hayo mengine utayasoma. Barua hii anakuletea Wakesho, yule ninayesali naye huku, anakuja likizo kwao Mwatate. Nimeamua kuandika kwa sababu barua huwezi kuikata katikati. Unaweza kuichana, lakini nakujua, huchani kitu kabla hujajua mwisho wake.

Nianze na neno lako. Ulisema, "Mjukuu wangu hapandi ndege kwenda kuchomwa na makombora ya Wazungu." Mimi nimehangaikia viza ya mtoto huyu mpaka imetoka, nikakupigia nikiwa na furaha, nawe ukaniletea habari za redio. Kwamba kisiwa hiki kina mabomu ya nyuklia ndani ya nyambizi. Kwamba wakubwa hawaaminiani tena, na vita vikianza huku kutapigwa mwanzo. Mama, sitakuambia ni uongo. Huku nako ndiyo habari ya kila siku. Kwenye basi la Soho Road watu wameinamia simu zao, na ukichungulia utaona ramani yenye mishale myekundu.

Mzee ninayemtunza ndiye hunieleza mambo haya, maana anayafuatilia kuliko wewe. Anaitwa Ronald, alikuwa fundi wa mabomba, na mkewe alishakufa. Anasema mmoja wa wakubwa hao akijenga mtambo wa kutungua makombora angani, mwenzake hasemi, "Anajikinga." Anasema, "Huyu anataka kunipiga halafu nisiweze kumrudishia." Basi naye anaongeza makombora. Wote wanaamini dawa ya moto ni moto. Nikakukumbuka wewe na jirani yako Mama Mkala. Yeye alijenga ua, wewe ukasema anataka kukuibia shamba, ukaleta mbwa. Yeye akaleta wawili. Mpaka leo hakuna aliyeibiwa hata kabichi, na hakuna anayelala kwa kelele. Usinune, nakutania. Ila mbwa wa hawa wakubwa wakishafunguliwa hakuna wa kuwaita warudi.

Huyo Mzee Ronald zamani alikuwa mmoja wa watu wa kujitolea waliofundishwa kungoja bomu. Walichimbiwa chumba kidogo chini ya ardhi, huko shambani nje ya mji, unashuka kwa ngazi na kujifunikia mfuniko. Kazi yao ilikuwa kupima mlipuko umetokea wapi na sumu inaelekea wapi, halafu watoe taarifa. Niliuliza, "Na mke wako ungemweka wapi?" Akaniambia hawakuruhusiwa kumleta mtu. Wakati wa mazoezi mkewe alimfungia mkate na chai, akamsindikiza mpaka mlangoni. Nilijifanya naosha vikombe.

Mama, asikwambie mtu kwamba Ulaya kuna watu wengi. Watu wapo, lakini wa kwako hawapo. Kuna siku natoka kazini, napanda basi, nafungua chumba changu, nalala, na sauti pekee niliyoisikia kwa lugha ninayoielewa moyoni ni ya mama mwenye nyumba. Yeye ni Singasinga aliyezaliwa Kisumu, na Kiswahili chake ni kile cha dukani: "Kuja kunywa chai, mama, baridi nyingi leo." Hunichekesha, halafu nikipanda ngazi machozi yananitoka. Nakuambia wewe kwa sababu ukimcheka mwanao unajicheka mwenyewe.

Sasa hiyo Jumapili. Nilikuwa kwa Mzee mchana, nimetoka kwenye shifti za usiku mfululizo, sijasoma habari wala kufungua ujumbe wa mtu. Kumbe serikali ilikuwa imetangaza kwamba itajaribu king'ora cha hatari kwenye simu zote za nchi. Namlisha Mzee supu, mara simu yangu ikapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia. Ya Mzee ikafuata. Za majirani zikafuata, zinasikika kupitia ukutani. Nikaangusha kijiko. Yesu wangu, nikajua ndiyo yale ya redio ya Mama.

Mzee, ambaye mimi humwinua kwa mikono miwili, alisimama mwenyewe. Akataka koti na buti zake. Akafika mlangoni, akashika kitasa, akasimama pale. Kisha akageuka akaniambia, "Sishuki. Safari hii wapime wengine." Akarudi akaketi kwenye kiti kilichokuwa cha mkewe.

Mimi sikumsaidia, Mama. Nilikuwa napiga namba yako. Napiga, napiga, wewe uko kanisani na simu iko mkobani. Niliposhusha macho ndipo nikaona maandishi: hili ni jaribio tu, usifanye lolote. Nikacheka peke yangu kama kichaa. Nikampa Mzee chai, nikaitupa simu mkobani, na kwa aibu sikutaka kuigusa tena. Ikaisha chaji humo humo. Wewe ulipotoka kanisani ukakuta nimekupigia mara zote zile, ukinipigia sipatikani. Najua ulivyohisi. Najua pia ni wewe uliyemtuma kaka Mwakio ampigie mchungaji wetu wa huku ili waje kunitazama.

Ila hujui kitu kimoja kuhusu sisi wa huku. Mtu akifiwa nyumbani, hatumwambii kwa simu. Tunajikusanya, mmoja anapika wali, mwingine anabeba chupa ya chai, tunakwenda mlangoni kwake bila kumwarifu. Hatumwambii kitu mpaka aketi. Mimi mwenyewe nimeibeba hiyo chupa kwenda kwa wenzangu. Kwa hiyo nimerudi, nimeoga, nasikia hodi. Mama mwenye nyumba anafungua. Nachungulia ngazini: mchungaji, mkewe amejifunga leso, Wakesho nyuma yake na sufuria. Na chupa ya chai.

Nikauliza, "Ni nani?"

"Keti kwanza, Mghoi," akasema mke wa mchungaji.

"Siketi! Semeni ni nani. Ni Saru?"

"Hakuna mtu. Tumetumwa na mama yako tukuone tu."

Lakini ndivyo tunavyosema siku zote, Mama! Hakuna mtu, keti kwanza. Nililia mpaka nikakaa sakafuni, mama mwenye nyumba ananipepea na gazeti, na kadiri walivyoniapia ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba mwanangu amekufa. King'ora kile kilinitisha, lakini hakikuniangusha. Nilichoangushwa nacho ni chupa ya chai.

Mwishowe mke wa mchungaji akapiga simu kwako, akaweka sauti ya juu. Ukashika. Nikasikia ukimwita Saru, naye akaja anahema, alikuwa anacheza. Nilitaka kusema, "Mwanangu, ni mimi." Neno halikutoka, kilio tu. Akasikiliza kidogo. Halafu nikamsikia akikuambia wewe: "Mama, kuna mtu analia hapa."

Mama alikuwa wewe. Mtu nilikuwa mimi.

Ukaichukua simu ukasema, "Umeona? Huko si kwa mtoto," ukakata. Wakesho akanimiminia chai, nikainywa.

Sina jibu la makombora, Mama. Hata hao wenye mitambo hawana. Mzee Ronald anasema kulitungua kombora angani ni kama kulipiga jiwe kwa jiwe, na yakija mengi moja litapita. Bomu huenda likaja, huenda lisije mpaka sote tufe kwa uzee. Hili la Saru limeshafika. Nilimwacha akiwa bado anabebwa mgongoni, nikijiambia namtafutia maisha, na nikikaa mwaka mwingine nitakuwa namlea mtoto wa watu kwa kutuma nguo.

Tena najua hukusema yote. Saru akiondoka, nyumba itabaki na wewe na mbwa. Ukipika githeri, yale mahindi na maharagwe, kwa mtu mmoja hujui kipimo chake. Hilo ndilo linalokutisha kuliko redio, na ungelisema wazi nisingekukasirikia, ningelia nawe. Sikufichi, kukunyang'anya kunaniuma. Lakini nataka mwanangu.

Nisalimie kaka Mwakio, mwambie asante kwa kuhangaika, na ndiye atakayekusindikiza na mtoto hadi uwanja wa ndege Nairobi. Wakesho akirudi huku atapanda naye ndege moja, ameshakubali. Nisalimie shangazi Mkabili, mdogo wa baba, mwambie naomba aje akae nawe miezi ya mwanzo. Na Mama Mkala jirani, msalimie pia, hata kama ni kwa kupiga kelele juu ya ua.

Mlete, Mama. Na kabla hujamleta, jioni moja mkiwa mnachambua maharagwe, mwambie yule mtu aliyekuwa analia kwenye simu ni nani.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Mghoi