Kura ya Bibi Olena

Nyumba ya Bibi,
Dolyna, Saskatchewan.
Jumatatu, matope bado yapo.

Kwako Dada Larissa,

Nakusalimu kwa mikono miwili, ningekuwa na wa tatu ningeuongeza. Hujambo huko Halifax? Shemeji naye, lile goti alilolitegua kwenye barafu limepona, au bado anachechemea ili umwoshee vyombo? Sisi huku ni wazima, chakula kinapita, usingizi upo, ila tumenuniana kidogo. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, mimi niliyeacha shule darasa la kumi na moja. Ukiona kosa usilitie kalamu nyekundu ya ualimu wako, maana nyekundu ni rangi ya Waliberali, na Waliberali hapa Dolyna hawajaambulia kura tangu treni iache kusimama.

Najua umeshangaa kuona anwani ni nyumba ya Bibi. Nimehamia tangu Alhamisi. Nalala kwenye kochi lake lenye maua, napika kwenye sufuria zake, na nikupe siri, napika vizuri kuliko wewe. Sababu ya kuhama ni uchaguzi. Nitakueleza kwa mpangilio, usiruke mistari.

Unakumbuka desturi yetu. Kura zinahesabiwa ukumbini, Bi Verna anafungua karatasi moja moja, na Baba amekaa pembeni na beji yake ya bluu ya wakala wa Wahafidhina, mgongo umenyooka kama anapigwa picha. Bluu, bluu, bluu, halafu moja ya rangi ya chungwa. Miaka kumi na tisa, tangu mwaka ule niliozaliwa, kila uchaguzi moja tu, na kijiji kizima kikijua ni ya Bibi Olena. Kesho yake wanaume wanakwenda jikoni kwake, kofia mkononi, kumpa pole ya msiba wa chama chake, naye anawaambia wakae wale, kwani mtu mjinga akishiba hupungua ujinga. Baba peke yake alikuwa hacheki. Mama yake mzazi kumpigia kura Mdemokrasia Mpya, mtu wa chungwa, na yeye ndiye wakala.

Sasa Bibi tumemzika Februari. Hilo sikukumbushi, wewe ndiye uliyefunga utepe wa chungwa kwenye jeneza, na Baba ndiye aliyeufungua, na hadi leo hamjasemezana. Basi safari hii Baba alijua sanduku litakuwa safi. Alikwenda kwenye karamu ya chama mjini akatangaza kwamba Dolyna italeta bluu tupu, asilimia mia. Mjomba Lloyd akaagiza keki yenye sukari ya bluu, upana wa mlango wa friji. Nami nilikuwa napiga kura kwa mara ya kwanza, nimechana nywele, nimevaa shati.

Bi Verna akahesabu. Bluu sitini. Chungwa moja.

Baba akaomba zihesabiwe tena. Zikahesabiwa tena, na ile moja ikawa pale pale. Mjomba Lloyd akasema labda bibi huyo kafufuka kuja kutimiza wajibu wa raia. Hakuna aliyecheka, na keki haikukatwa.

Asubuhi, kwenye meza ya kahawa pale duka la ushirika, kesi ikaanza na hukumu ikatoka kabla kikombe cha kwanza hakijaisha. Ni Corinne. Humjui, ni mama mmoja aliyehamia Oktoba kutoka Manitoba kuendesha basi la shule. Ushahidi wao ulikuwa kwamba ni mgeni, anasema Kifaransa na paka wake, na anakunywa chai mahali pa kahawa. Mjomba akasema mtu anayekunywa chai saa moja asubuhi anaweza kufanya lolote. Corinne alipoingia wakasogeza viti, si kumpisha, kumziba.

Hayo ningeyavumilia, mdomo wa watu si mlango uufunge. Lakini Jumatano mvua ilinyesha, na unayajua matope ya barabara ya kaskazini, yanashika gurudumu kama gundi. Corinne akakwama na gari lake dogo karibu na daraja. Wewe umekulia hapa. Toka lini mtu wa Dolyna akapita aliyekwama? Hata yule mwizi wa dizeli, mwaka ule, tulimvuta kwanza ndipo tukamwita polisi. Gari la Mjomba likampita. La pili likampita. La tatu lilikuwa la Baba, mnyororo umelala nyuma, na mimi nimekaa kando yake. Corinne alikuwa amesimama kwenye maji mpaka kwenye mashavu ya miguu, akatupungia. Baba akaangalia mbele. Nikamwambia, Baba, simama. Akaniambia waliompigia chungwa waje wamvute. Nami, dada, mbabe wa hoki, mpiga soga namba moja wa wilaya hii, nikanyamaza hadi nyumbani.

Usiku ule sikupata usingizi. Alhamisi asubuhi nikaingia kwenye meza ya kahawa, nikajimiminia kikombe, nikawaambia wamwache Corinne, kura ni yangu. Mjomba akasema toka hapa, wewe hujui hata kutahajia jina la hicho chama. Nikamjibu kwenye karatasi haiandikwi tahajia, unaweka alama ya kukata tu, ndiyo maana hata wewe umeweza. Watu wakaguna. Baba akaweka kikombe chini polepole, akaniuliza kama nafanya mzaha. Nikasema sifanyi. Akasema basi Jumapili baada ya ibada, mbele ya watu na sahani zao za pirogi za viazi, nitasimama niseme ulikuwa mzaha na niombe radhi. La sivyo ile mashine mpya ya kupandia, ambayo ameniahidi tangu nina miaka kumi na mitano, ataiendesha Garth wa Mjomba Lloyd.

Garth, dada. Garth aliyepanda ngano mstari wa nyoka mpaka rubani wa ndege ya kunyunyizia dawa akauliza kama shamba lina ugonjwa.

Unajua jinsi ninavyoitaka mashine ile. Nimekariri kitabu chake cha maelekezo, kitabu pekee nilichokisoma hadi mwisho. Lakini nilibeba nguo zangu nikaja huku.

Jumapili ikafika. Ukumbi umejaa, Mama na akina mama wengine jikoni wanachota vitunguu na siagi, dirisha la kupitishia sahani liko wazi. Baba akagonga glasi. Nikasimama juu ya kiti, ingawa hakuna aliyeniambia nipande. Nikasema naomba radhi. Baba akaanza kutabasamu. Nikasema naomba radhi kwa Corinne, kwa sababu magari matatu ya Dolyna yalimpita kwenye tope, na mimi nilikuwa ndani ya la tatu nimeufunga mdomo huu mnaousifu. Ama kura, hiyo haina radhi. Kama mnataka sanduku safi, lioshwe kwa sabuni.

Baba akachukua koti akatoka. Mjomba akamwambia Garth akanywe maziwa alale mapema, Jumanne kuna kazi. Basi mashine imekwenda, na sijuti. Najuta kidogo. Sijuti.

Jioni mlango wa Bibi ukagongwa. Wanaume watatu, kofia mkononi, wamekuja kunipa pole ya msiba kama walivyokuwa wakimpa yeye. Nikawapa maharage ya kopo, wakala. Baba hakuwamo, lakini gari lake lilikuwa barabarani, injini inanguruma, likakaa pale mpaka walipomaliza, ndipo likaondoka. Hilo sijui nilisomeje. Wewe ndiye msomi.

Sasa dada, kama umesimama, kaa. Nililowaambia ni uongo. Mimi nilipiga bluu. Niliingia pale na penseli yao, nikaona majina, nikaweka alama pale Baba anapoweka, kama mtu anayejikuna. Sikufikiri hata nusu dakika. Nilipojitangaza nilidhani namfunika Corinne. Ijumaa Corinne akaja na pai ya nyama kunishukuru, akaniambia, mjinga wewe, mimi nilipiga bluu, hata Manitoba nilikuwa bluu. Tukaketi tukala. Pai ilikuwa nzuri.

Jumamosi mchana akaja Mama na supu ya bitiruti. Akakaa kwenye kiti cha Bibi, akanyoosha kitambaa cha meza kilichokwisha kunyooka. Akasema ile kura ni yake. Ya mwaka huu na zote za miaka kumi na tisa.

Ile hadithi Baba anayoipenda kusimulia karamuni, kwamba nilizaliwa ndani ya gari kwenye barabara kuu kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuona mavuno, unaikumbuka? Sikuwa na haraka. Hospitali ya karibu ilikuwa imefungwa majira yale ya kuchipua, na kilomita zilikuwa nyingi. Mama anasema Baba alipofika kwenye kicheko, yeye alikuwa akikumbuka damu kwenye kiti. Hakutaka kubishana na mtu kuhusu nani aliyefunga. Alitaka kumpigia kura mgombea mmoja aliyesema ataifungua. Uchaguzi ule wa kwanza Baba alirudi na hesabu akipiga meza, nani msaliti katika kijiji hiki, na Mama akadondosha mti wa kusukumia unga. Bibi alikuwa akikanda. Hakuinua hata macho. Akasema, ni mimi, una swali? Ndivyo walivyoishi, dada. Bibi hakuwahi kupiga chungwa maishani mwake. Alipiga bluu kila mara, akapokea pole ya kila mara, na hata wao wawili hawakuwahi kulizungumza.

Kwa hiyo ule utepe wako, usiuonee aibu. Haukukosea jeneza.

Jana ukumbini, nilipopanda kwenye kiti, nilimwona Mama kwenye dirisha anafungua kamba ya aproni. Alikuwa anakuja kusema. Ndiyo maana nilisema haraka vile, na kwa sauti kubwa. Baadaye akaniambia si kazi yangu kumbebea, siku akiwa tayari atamwambia mumewe mwenyewe, kwa mdomo wake. Nikamjibu hapo sina neno, ila nikiombwa radhi hata mara mia sitaitoa, kwa sababu nikiirudisha ile kura wataanza tena kuitafuta.

Na safari ijayo, Larissa, nitapiga chungwa kweli, nikiwa nimefikiri dakika nzima. Bi Verna atafungua mbili. Ya kwanza Baba atajua ni yangu. Ya pili ataitafuta Dolyna nzima nyumba kwa nyumba, na kila jioni atarudi kula kwenye meza ya aliyeipiga.

Mama ameniruhusu nikwambie wewe peke yako. Ukishasoma, tia motoni. Msalimie shemeji na goti lake. Mpigie Baba simu ukiweza, usimtaje utepe, muulize habari za mvua tu. Mama anakupenda, Corinne anakusalimu ingawa hakujui, na kochi la Bibi linakungoja Krismasi.

Ni mimi mdogo wako, dereva asiye na mashine,

Brody Pawluk