Hatukuwa Tunazurura

Jumatatu, 3 Machi

Mwanangu Edie anaota meno. Hajalala, mimi sijalala. Hata hivyo nimekwenda kwa mama kupitia shamba la Hollin kama kawaida, na langoni nikakuta kibao kipya: hakuna njia. Hakuna njia! Na matope yamejaa nyayo zetu. Nimepita. Bwana Fairclough, aliyenunua shamba mwaka juzi, alikuwa dirishani kwake. Nikampungia mkono.

Barabara kuu haina pa kupita mtu wa miguu. Malori ya machimbo yanakwangua ua wa miti kando kabisa. Niingize kigari cha mtoto mle? Thubutu! Na mama hawezi kuinuka bila mimi tangu apasuliwe nyonga. Ni njia hii au hakuna.

Mkaguzi wa serikali anakuja wiki ijayo kusikiliza mashahidi ukumbini, aamue kama njia ni ya watu wote. Nimeandikisha jina.

Alhamisi, 6 Machi

Maureen wa chama cha watembeaji alituita jikoni kwake, mimi na jirani yangu Mzee Wilf. Keki ya tangawizi, ngumu kama tofali. Akatufunda. Sheria ndiyo hii: watu wakifuata mstari mmoja, kutoka hapa hadi pale, miaka ishirini bila kuomba ruhusa, mstari ule unakuwa njia yao. Wakienda ovyo, popote, hawajapata kitu.

Kwa hiyo nisimsikie mtu akisema "wander", akasema Maureen. Wala "roam". Wala "stray", Mungu apishie mbali!

"Sasa niseme nini, mama? Kwamba niliruka?" Mzee Wilf huyo.

"Ulikwenda, Wilf. Kwa miguu. Basi, funga mdomo."

Maneno yale yamenikaa kichwani nikibadilisha nepi. Mtu wa "wander" anatangatanga, miguu huku, akili kule. "Stray" ni la kondoo aliyetoka kundini, tena ndilo Fairclough alilolitumia gazetini. Eti wanakijiji wanapotea na kujikuta kwake. Sisi tupotee! Yeye aliyehitaji simu kulitafuta duka la mkate!

Na kuna "drift", la kijiti kinachochukuliwa na maji. Hilo mwalimu alinibandika mimi nilipoacha shule. Angelimwekea akiba baba yake Edie. Yule hakutuacha, la. Alielea tu, akatokea Leeds.

Jumapili, 9 Machi

Mama ana hofu. Mwanangu, usijibizane na mawakili, watakufunga kwa maneno. Nikamwambia wafunge tu, mimi nimefunga nepi kumi leo, mafundo nayajua. Akacheka mpaka nyonga ikamuuma. Pole, mama.

Jumanne, 11 Machi

Ukumbi umejaa. Mzee Wilf wa kwanza, na tai ya harusi.

Wakili wa Fairclough ni dada mpole, sauti kama ya nesi. Akamuuliza: mlipokuwa wadogo, shamba lote lilikuwa kama lenu, sivyo, mzee wangu? Nikamwona Mzee Wilf anavimba kifua. Baba yake alikuwa mmoja wa waliopanda milima iliyokatazwa, kwa ubishi, kudai haki ya kuranda. Hapa kwetu "roam", kuranda huko, si neno tu. Ni la kuvalia tai.

"Tuliranda kote, binti!" akanguruma. "Kila kona! Nani angetuzuia?"

Watu wakapiga makofi! Wajinga sisi. Maureen akaufunika uso. Wakili akasema ahsante sana, akaketi. Mzee akarudi kitini akitabasamu, akanikonyeza. Sikuwa na moyo wa kumwambia.

Kesho mimi.

Jumatano, 12 Machi

Nimetoa ushahidi na Edie mapajani akitafuna funguo. Wakili: hujawahi kuiacha njia hiyo? Kwenda bwawani, labda, kuchuma matunda?

Nimeapa. Nifanyeje?

"Nimewahi. Vuli iliyopita."

Maureen akaguna kama aliyekanyagwa.

"Kwa hiyo ulikuwa unatangatanga."

"Siku hiyo, ndiyo. Nilitangatanga, na ilikuwa raha. Siku nyingine zote nilikuwa nakwenda kwa mama. Wewe dada, asubuhi ukienda kazini, hujui kwamba unakwenda kazini?"

Vicheko. Mkaguzi hakucheka. Akaandika kitu. Kisha akasema anataka kuiona njia yenyewe, twende sote.

Tukafika langoni. Shamba limelimwa! Lote, ukingo hadi ukingo, udongo bado unang'aa. Leo asubuhi, wakati sisi tuko ukumbini! Fairclough anasema msimu wa kulima ndio huu. Hakuna nyayo, hakuna mstari, hakuna kitu. Mzee Wilf akavua kofia kama yuko msibani.

Mkaguzi akaniuliza, basi ungepita wapi? Nikaanza kunyoosha kidole. Nikaona, aa, kidole cha nini. Nikalisukuma lango, nikaingia na kigari. Magurudumu yalizama, mgongo uliniwaka, Edie akapiga kelele za furaha. Sikugeuka hata mara moja. Nililenga bomba la moshi la mama mpaka nikagonga mlango wake.

Naandika hapa dirishani kwake, matope hadi magotini. Mama anauliza ni wageni wangapi, aniambie niweke maji ya chai kiasi gani. Sijui, mama. Wamesimama kule bado. Fairclough anarusha mikono. Wakili kashika viatu mkononi.

Mkaguzi ameingia shambani! Peke yake, macho chini, anafuata alama za magurudumu yangu. Polepole. Amefika katikati.

Amesimama. Anatazama kushoto, upande wa bwawa. Amepiga hatua moja kuelekea huko—

Siyo huko, baba. Huku. Nyoosha.