Gari Lililogoma Sekenke

Misigiri, Iramba

Mdogo wangu Antipasi,

Shikamoo yako ya simu niliipata, marahaba. Natumaini wewe, mkeo Agnes na watoto mu wazima huko Dar es Salaam. Sisi tunasukuma siku. Alizeti imekauka kabla ya kujaza mbegu, lakini hilo ni la kila mtu huku.

Umeniuliza kama ununue kile kifaa cha injini kwenye maduka ya vipuri huko Gerezani. Kwanza nikueleze ugonjwa wenyewe. Vali ni milango ya injini: mmoja huingiza hewa, mwingine hutoa moshi. Katika magari ya zamani milango hiyo hufunguka kwa mpangilio uleule siku zote, gari liwe limesimama au linapanda mlima. Hili ulilomnunulia Mama hubadili mpangilio huo lenyewe. Presha ya oili husukuma gia iliyo kwenye ncha ya kamshafti, ule mtaimbo unaofungua milango hiyo, ikaizungusha kidogo mbele au nyuma, na milango ikawahi au ikachelewa kadiri ya mzigo. Oili hiyo hupita katika vitundu vyembamba, ndiyo maana inatakiwa iwe nyepesi na safi.

Mwanao Chrispin, kama madereva wengi wa hapa, anaamini kwamba gari zee hushiba oili nzito. Akamimina ya trekta. Tulipokuwa tukirudi kutoka hospitali, katikati ya mlima Sekenke, gari likatetemeka, likakosa nguvu, likasimama. Mama akamtania mjukuu wake kwamba, mume wangu, gari lako linakohoa kunishinda mimi. Chrispin alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi hayakukoma.

Maana alikuwa ameshasikia. Nimekuzungusha kwenye gia na vali, mdogo wangu, kwa sababu sikujua nianzie wapi. Siku ile daktari alituambia kwamba uvimbe wa Mama umesambaa, dawa hazisaidii tena, tukae naye nyumbani. Mama alinikataza nisikwambie. Alisema utaacha kazi bure.

Basi usinunue kifaa. Hata gari likipona, hakuna tena pa kumpeleka. Pandeni basi mje wote. Uji anaonja tu, na jana aliniita kwa jina la marehemu baba yetu, nami nikaitika.

Nisalimie Agnes. Watoto wabusu, ila usiwaambie kitu mpaka mfike.

Kaka yako,
Michael